Kanga Sita wa Mahari

Mimi sikuumbwa kwa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilitangulia kutoka kwa miguu siku ya kuzaliwa, na tangu hapo miguu hiyo haijatulia. Kwa hiyo mtu akiniuliza wakati gani ulikuwa mgumu kuliko zote maishani mwangu, simtajii njaa wala vita. Ninamtajia ile miezi minne na siku kumi niliyokaa ndani ya lupango moja, kiwanja chenye nyumba na ua, kule Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, nimevaa nguo nyeupe, nikisikiliza kanga wangu wakilia nje ya ua mahali nilipokatazwa kukanyaga.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na sisi mji tuliuita Kisangani, ingawa wazungu walikuwa na jina lao. Nilikuwa na miaka ishirini, labda na mmoja. Ngoja kwanza nieleze kanga walivyokuwa wangu, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Kwetu sisi Waislamu wa ng'ambo ile, wajukuu wa watu waliokuja na misafara ya zamani, bibi arusi huulizwa mwenyewe anataka mahari gani. Wenzangu walitaja vikwembe vya kujifunga, herini, mmoja mwenye tamaa alitaja cherehani. Mimi nilisema: kanga sita, walio hai. Wee! Walicheka humo ndani. Mama mkwe wangu, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza ananiona vizuri, alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Huyu mutoto iko mugonjwa?" Lakini mwanawe, bwana arusi, hakucheka. Alikuwa mtengeneza njia ya reli, mtu wa maneno machache. Wiki tatu baadaye alirudi na makapu mawili begani. Alikuwa amewapata kwa dereva wa lori aliyeshuka kutoka Uele, kule kwenye nyasi ndefu, ambako kanga wa kijivu wenye madoa meupe na mfupa kichwani hutembea kwa makundi kama watu wanaokwenda sokoni. Madume wawili, majike wanne.

Kwa nini kanga? Kwa sababu kuku alinichosha. Kuku ukimpa punje tatu anakuwa wako, anakaa mlangoni anakungojea kama askari. Kanga hana mlango. Anakula kwako asubuhi, anapita kwa jirani, anaingia shambani, anachakura mchwa, anarudi jioni akitaka mwenyewe, na halali bandani hata umpige. Wangu walilala juu ya mti wa msafu uliokuwa katikati ya ua. Niliwaangalia nikawaonea wivu, nisiseme uongo.

Na walitulisha. Msituni walikuwako kanga wengine, weusi, wenye nywele za kujipinda kichwani, wawindaji waliwapiga kwa bunduki. Lakini ndege huyo hufika sokoni amekwisha kufa bila kisu, na Mwislamu hawezi kumla. Basi kila mwenye harusi, kila mwenye mgeni, kila mwenye hamu ya nyama ya kanga alipita kwangu kumnunua hai, aende kumchinja mwenyewe. Mayai niliwapa kuku wayaatamie, siku ishirini na saba mpaka ishirini na nane, si ishirini na moja kama ya kuku. Vifaranga niliviweka ndani asubuhi mpaka umande ukauke, maana kifaranga wa kanga akilowa tu amekwenda. Katika miaka mitatu, wale sita walikuwa wamefika kumi na tisa, hapo nimekwisha kuuza wengi.

Bwana yangu ndiye aliyewaita jioni. Alikuwa na mkebe wa maziwa ndani yake punje za mahindi, akiutikisa, cha-cha-cha, nao wanakuja mbio vichwa mbele. Mtoto hatukupata. Tulikuwa na mkebe huo na kelele hizo, na yeye, na mimi, na mama yake.

Kisha akashikwa na homa mwanzo wa mvua, siku ya nne tukamzika.

*

Mjane wa kwetu anakaa eda. Havuki ua, hajipambi, hazungumzi na mwanaume asiye wake. Nyumba ilikuwa yangu, shangazi yangu aliniachia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunitoa humo. Ila nilifungiwa humo pamoja na mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nasi tangu alipoanguka kwenye ngazi za kivuko na kuharibu nyonga. Alitembea kwa fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, anamtaja Mungu. Alikuwa mtu wa usafi na dini mpaka inaudhi. Ndoo ya udhu isiguswe, kikombe chake kisiguswe. Kanga aliwachukia. Kila wakilia alisema, "Shetani amefungua duka."

Nilimfikiria vibaya mama yule, na leo ninasema wazi. Nilihesabu siku za eda kwa kukata alama kwenye nguzo ya jiko, na kila alama niliyokata nilijiambia, zikiisha hizi, na huyu ataondoka.

Siku ya arobaini mwanawe mkubwa akafika kutoka Maniema. Shemeji yangu huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mmoja, shamba la mpunga, na tumbo lililojua heshima yake. Alifikia kwa ndugu zake karibu na stesheni, na kila alasiri alikuja kukaa nje ya ua, upande wa pili wa ukuta wa matete, akazungumza na mama yake kwa sauti ambayo mimi pia niisikie.

"Eda ikiisha," alisema, "shemeji anaenda na miye Maniema. Nitamuoa. Mujane hawezi kubakia peke yake huku na kelele ya reli. Na kanga ni mali ya marehemu, tutauza wamoja, wengine tutabeba mu kapu."

Nikasema kutoka ndani, ingawa haifai, "Kanga ni mahari yangu!"

"Bon," akasema kwa upole. "Nani iko na ushahidi?"

Baba yangu alikuwa amekufa. Bwana yangu amekufa. Aliyetufungisha ndoa amehama mji. Wale wasichana waliocheka wameolewa, mmoja Yanonge, wengine wapi sijui. Aliyebaki kati ya watu waliokuwa chumbani siku ile alikuwa ameketi mbele yangu, fimbo magotini, anachambua mchele. Nilimtazama. Hakuinua kichwa.

Nilielewa hesabu yake, au nilidhani nimeielewa. Mimi nikienda Maniema kuolewa na mwanawe, yeye atakuwa na mkwe wa kumpikia mpaka afe. Na bila kanga nitakula nini? Ningebaki na nyumba na mdomo. Mwezi mmoja, miwili, halafu ningepanda treni mwenyewe, bila kusukumwa. Wote tulilijua hilo, pamoja na yule aliyekuwa akichambua mchele.

*

Mvua zilipokolea majike wakaanza kutaga, na kanga hatagi mbele ya macho ya mtu. Anatafuta kichaka. Niliwaona kwa tundu la matete wakivuka njia, wakiingia kwenye shamba lililoachwa nyuma yetu, wakipotelea kwenye majani marefu. Baada ya saa moja nikasikia jike akilia kilio chake cha mapigo mawili. Dume analia pigo moja tu, anarudia. Ukikaa nao unajua bila kuangalia. Yule ametaga, nikajua, na wenzake watataga hapo hapo, maana wanapenda kuchangia kiota. Mayai ishirini, thelathini, yanangoja nyoka au mpita njia.

Miguu yangu ilikuwa inauma, wallahi, inauma kwa kukaa. Siku ya tano nikamwendea mama mkwe. Nilimwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi.

"Mama, nenda taratibu, pale nyuma ya mchikichi ulioanguka. Chukua upawa. Usiguse kwa mkono, mama, nakuomba. Kanga akinusa mkono wa mtu kiotani harudi tena. Chota mayai kwa upawa, umuachie manne, matano."

Alinitazama kama nimetukana. "Upawa? Upawa wa mboga niutie mu mavi ya ndege, halafu tukule nayo?"

"Utaoshwa, mama."

"Astaghfirullah," akasema, akaondoka na fimbo yake.

Alikawia karibu nusu ya asubuhi. Aliporudi alikuwa amekunja kikwembe mbele, mayai yamejaa humo, ishirini na mawili, yote. Alikuwa ameyachukua kwa mkono. Mkono unaoshwa kwa majivu na maji mara saba, aliniambia, lakini upawa ukishanajisika hausafiki moyoni. Alikuwa amechoka, jasho linamtiririka, na nadhani alitegemea nimshukuru.

Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia amefanya makusudi. Nilimwambia anataka kunifunga kamba anipeleke Maniema kama mbuzi. Alisikiliza yote. Halafu akaenda kuosha mikono.

Jioni ile nilitikisa mkebe mimi mwenyewe. Hakuna aliyekuja. Msafu ulikuwa mtupu. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilizunguka ua, nikazunguka, mpaka nikaacha njia kwenye udongo. Nilisikia kanga wangu mbali kidogo, upande wa msitu, na katikati ya sauti zao nikasikia sauti nyingine nzito, kavu, za wale weusi wa nywele. Walikuwa wanaitwa. Nilijua hivyo kama ninavyojua njaa. Mnyama aliyekwisha kufukuzwa kiotani haoni sababu ya kurudi kwa mtu, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya matete nikiangalia chakula changu kikigeuka pori.

Siku ya tatu mvua ilikatika mchana, jua likatoka kali, majani yakaanza kufuka moshi. Niliweka jicho kwenye tundu. Wote kumi na tisa walikuwa mwisho wa shamba, mmoja nyuma ya mwingine, wanatembea kuelekea miti mikubwa, bila haraka, bila kugeuka.

Sikufikiri. Ningesema nilifikiri ningekuwa mwongo. Nilishika mkebe, nikapenya kwenye matete pale yalipooza, nikatoka. Mguu wa kwanza uligusa njia, na moyo wangu ukaruka kama umefunguliwa. Nikakimbia. Mjane wa miezi miwili na nusu, miguu mitupu, nguo nyeupe nimeikunja mkononi, majani yananichapa mapaja, ninatikisa mkebe cha-cha-cha na kuita kwa sauti aliyoita marehemu. Nilianguka mara moja kwenye tope. Niliinuka.

Wa mbele walikuwa wamekwisha kuingia kwenye kivuli cha msitu. Wa nyuma wakasimama. Nikatikisa tena. Yule jike mzee, mmoja wa wale sita wa kwanza, akageuza kichwa chake cha mfupa, akanitazama kwa jicho moja, akafikiri sana, akaanza kurudi. Wengine wakamfuata mbio. Wawili tu walipotea na wale weusi, na sikuwaona tena. Nilisimama pale, tope mpaka magotini, kanga kumi na saba wananizunguka wanadonoa mahindi kwenye vidole vyangu, na nikacheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilikuwa na furaha. Haya, mnihukumu.

Kisha nikaona wanawake watatu na makapu ya mihogo vichwani, wamesimama njiani, midomo wazi. Nilikuwa mbali nao na jua liko nyuma yangu. Walichoona ni nguo nyeupe.

*

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni niliporudi. Hakuuliza. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Nguo ya eda ilikuwa na tope, na kishonanguo kimeishika yote, zile mbegu nyeusi zenye meno zinazong'ang'ania kila anayepita shambani. Mamia yake.

"Vua," akasema.

"Mama..."

"Vua, nimesema! Wale wanawake nimewaona njiani, wako na midomo, haitafika alasiri."

Nilivua. Alinipa nguo yake safi nyeupe ya kuswalia, ile isiyoguswa na mtu. Yeye akajifunga ile yangu, na tope lake, na mbegu zake, yeye ambaye tone la maji ya vyombo likimrukia hubadili nguo. Kisha akaketi juu ya kigoda katikati ya ua, akanyoosha ule mguu mbovu, akaanza kutoa kishonanguo kimoja kimoja, na kukiweka kwenye sahani.

Haikufika alasiri, kweli. Shemeji alikuja na mwalimu wa msikitini, mzee mwenye macho ya kuchoka, na nyuma yao majirani waliosimama karibu na ua bila aibu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, ninachungulia.

"Mwalimu," akasema shemeji, "watu wameona mwanamuke mu nguo nyeupe anakimbia mu pori mchana, anacheka kama mulevi. Mujane aliyevunja eda, unaweza kumuachia nyumba na mali? Donc, basi, aanze eda upya, na aimalizie Maniema kwa watu wa marehemu."

"Ni miye," mama mkwe akasema.

Shemeji akamgeukia.

"Wewe nini, mama?"

"Ni miye nilikimbiza kanga. Muzee kama miye anakatazwa kufukuza ndege? Iko mu kitabu gani?"

"Mama. Na mguu ule?"

"Mguu ni wangu ao wako?"

Mtu mmoja nyuma ya matete alicheka akajizuia. Mwalimu aliitazama ile fimbo, akautazama mguu, kisha akaitazama sahani iliyokuwa imejaa mbegu, na vidole vya mama vinavyoendelea kuzitoa bila kusimama. Mimi nilijua anajua. Wote walijua.

"Nguo iko na ushahidi wake," mwalimu akasema mwishowe. "Miye sitabishana na nguo."

"Na kingine," mama akasema, bado kichwa chini. "Kanga ni mahari ya huyu mutoto. Sita. Nilikuwako, nilicheka sana. Mutu hacheki kitu asichokisikia. Waliozaliwa na mahari ni mahari. Na usifikiri kuwabeba Maniema mu kapu. Kanga hazai ugenini."

Uso ulimvimba shemeji. Alikuwa ameaibishwa na mama yake mzazi mbele ya mwalimu na mbele ya wauza mihogo, na sikumlaumu kwa kukasirika. "Alors," akasema, "kama mambo iko hivyo, siwezi kuacha mama yangu kwa nyumba ya mutu ambaye si wetu. Eda ikiisha, ni weye nitapanda naye treni."

"Nitapanda," mama akasema.

*

Ilibaki karibu miezi miwili. Niliendelea kukata alama kwenye nguzo ya jiko, ila sasa kila nikikata nilitamani zisiishe. Kanga walirudi kulala kwenye msafu, na majike wakataga kwenye majani ya nyuma ya jiko, ndani ya ua. Mama aliendelea kusema shetani amefungua duka. Nilitaka kumuuliza kwa nini, mara mia nilitaka, na mimi ambaye mdomo wangu haujui mlango sikuweza. Nilimpikia. Nilimchotea maji ya udhu bila kugusa ukingo wa ndoo. Alizoea kusema tu, "Asante, mwana," na kuendelea na tasbihi yake.

Siku ya mwisho wanawake walikuja kuniogesha, nikavaa kikwembe cha rangi, nikatoka mlangoni kwa ruhusa ya watu wote. Kesho yake asubuhi nikampeleka mama stesheni. Ni mwendo mfupi, lakini kwa hatua zake ulituchukua muda mrefu sana, na mimi, miguu hii hii isiyotulia, nilitamani njia iwe ndefu zaidi. Shemeji alitangulia na mizigo. Mbele yao kulikuwa na treni, halafu meli, halafu treni tena. Mtu wa nyonga ile haendi safari hiyo mara mbili, na yeye alijua.

Tulipoketi kwenye benchi nikauliza.

"Mama, kwa nini ulinisemea?"

Alirekebisha fimbo. "Na miye nilikaa eda. Nilikuwa mudogo kuliko weye. Nilikuwa na mbuzi nane, mahari yangu, zilikuwa nyuma ya ua. Nilisikia wanagawana, huyu wako, huyu wangu. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi karibu yangu, anachambua mchele." Akatazama reli. "Sikumusamehe mpaka leo."

Treni ikapiga honi. Nililia, nikamshika miguu, nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia siku ya mayai. Akanipiga kidogo begani. "Upawa ule," akasema, "uutupe. Najua umechota nao mayai yote hii miezi miwili. Nilikuwa nakula namezea tu." Na kwa mara ya pili tangu nimjue nikamsikia anacheka.

Habari ya kufa kwake ilinifikia kabla mwaka haujaisha, kwa mdomo wa msafiri. Kanga nilifuga miaka mingi baada ya hapo, nikaolewa tena, nikahama, nikahama tena, kama mnavyonijua. Lakini mtu akiingia kwangu na kishonanguo kwenye nguo, hata kama ni mgeni, hata kama ni msichana anayetetemeka na hataki kunitazama usoni, ninamkalisha, ninachukua sahani, ninaanza kukitoa kimoja kimoja. Na simuulizi ametoka wapi.